Risiti ya ushuru sio leseni: kisa cha haisi 23 na stendi mbili

Kabla sijaanza

Hiki kisa kimetokea kwenye mji mmoja mkoani Kigoma, na mi ndo nilikua katibu wa chama cha wenye magari kipindi hicho, kwa hiyo baadhi ya makosa utakayosoma humu ni ya kwangu mwenyewe. Majina nimetoa yote, mji sitautaja, idadi ya magari na hela zetu za ndani nimezisogeza kidogo ili mtu asikae chini akapiga hesabu akajua ni nani. Mtiririko wa matukio ndo ulivyokua hivohivo.

Naandika sababu wiki iliyopita katibu wa chama kingine, yuko mkoa wa Tabora, alinipigia simu ana shida ileile yaani kama kakopi kwetu. Stendi imehamishwa, abiria hawataki kuhama, na yeye kashika bunda la risiti za ushuru ananiambia kaka sisi tumeruhusiwa. Nikamwambia subiri, usiseme hilo neno mbele ya mtu yeyote mpaka nikusimulie.

Sisi ni nani

Tulikua na haisi 23, wamiliki 17, maana kuna wazee wawili watatu wenye gari zaidi ya moja. Ruti yetu kubwa ni kutoka mjini mpaka mji mdogo mmoja wenye gulio, kilomita 34, lami mwanzo mwisho. Abiria wetu ni akina mama wa dagaa na migebuka, wenye madumu ya mawese, walimu, wagonjwa wanaokwenda hospitali na wanafunzi. Madereva wanafanya kwa hesabu, yaani jioni bosi anataka hela yake iliyokubaliwa, mafuta juu ya dereva, kinachobaki anagawana na konda. Hii ya hesabu usiisahau, sababu karibu kila ujinga tuliofanya mbele huko ukiufukua unakuta hesabu imelala chini yake.

Sasa kwa asiyejua gari la abiria lina wenyewe wangapi. Leseni ya usafirishaji inatoka LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hawa ndo walichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019 kwa Sheria Na. 3 ya mwaka huo, ila leseni yenyewe bado inasimama kwenye sheria ya zamani ya 1973, Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura 317. Leseni haitolewi kwa chama wala haitolewi kwa mtu atembee nayo mfukoni, inatolewa kwa gari lenye namba fulani lifanye njia fulani, kutoka hapa mpaka pale. Ubovu wa gari na mwenendo wa dereva barabarani ni trafiki, kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168. Bima ina sheria yake, Sura 169. Stendi na vyoo vyake na ushuru wake ni halmashauri. Barabara kubwa TANROADS, za mitaani TARURA. Dar kwa mabasi ya mwendokasi walau waliunda wakala kabisa, DART, tangu 2007, njia na vituo vinasimamiwa na mtu mmoja, ukiwa na hoja unajua unampelekea nani. Huku kwetu njia ina mwenyewe na stendi ina mwenyewe mwingine, na hao wawili si lazima wawe wameongea.

Stendi inahama

Halmashauri ikajenga stendi mpya nje ya mji. Nzuri kweli, paa, vyoo, vibanda, hilo siwezi kuwanyima. Ila iko kilomita 6 kutoka soko la zamani, na abiria wetu nusu yao wanakwenda sokoni. Mama anashuka stendi mpya na dumu la lita 20 na kapu la dagaa, hapo anatafuta bajaji, buku lingine hilo linamtoka, na dagaa wenyewe faida yake ni hiyohiyo.

Ikaja barua ya mkurugenzi, kuanzia tarehe fulani magari yote ya abiria yashushe na kupakia stendi mpya. Tukaisoma kikaoni, watu wakaguna, tukahama. Hatukujibu kwa maandishi hata mstari mmoja. Hilo la kwanza.

Wiki ya kwanza hesabu zikalala. Michomoko, zile Probox za kienyeji zisizo na leseni ya abiria, zikahamia stendi ya zamani palepale tulipotoka, zikawa zinabeba abiria wetu wanne mbele sita nyuma, raha mustarehe. Dereva anampigia bosi anamwambia leo haijafika, bosi anamjibu hiyo ni juu yako.

Wiki ya pili mwenyekiti wetu, mzee mwenye heshima zake mjini, akaenda kuonana na afisa mmoja pale halmashauri. Akarudi uso umechangamka.

"Vijana, nimeongea na mkubwa. Asubuhi na jioni tuingie mpaka soko la zamani, hamna shida, cha msingi ushuru tulipe."

Nikamuuliza, "Mzee, kaandika?"

"Katibu na wewe! Mtu mzima kaniambia kwa kinywa chake, unataka aandike nini?"

Nikanyamaza. Mzee wa umri wa baba yangu, mbele za watu, ningesema nini. Na kweli kesho yake saa 12 asubuhi kijana wa ushuru alikua pale sokoni na kimashine chake, kila haisi ikiingia anachapa kikaratasi cha buku. Madereva wakawa wanavibandika vile vikaratasi kwenye kioo cha mbele pembeni ya stika ya LATRA, vinaning'inia pamoja kama vina undugu.

Alafu makonda nao wakaongeza lao. Mwisho wa safari ukiwa soko la zamani unatoa jero zaidi, yaani shilingi 500. Hakuna aliyeagiza, ila hakuna aliyekataza, na mi nilijua.

Mama wa mawese

Wiki ya tatu, Jumamosi, siku ya watu wengi. Pale soko la zamani palikua hapana stendi tena, akina mama walishapanga bidhaa zao mpaka kwenye ile sehemu tuliyokua tunageuzia. Haisi moja ikarudi rivasi, konda yuko mlangoni anagombana na abiria kuhusu ile jero badala ya kuwa nyuma anapiga bodi, gari likamgonga mama mmoja muuza mawese likamvunja mguu. Nilifika baada ya robo saa hivi. Dumu lilikua limepasuka, mawese yamesambaa mekundu mpaka kwenye mtaro, na watu waliokua wanafika mwanzo wanapiga kelele wakidhani ile yote ni damu. Mama mwenyewe kakaa chini anashika goti, anauliza nani atamlipa mafuta ya watu, sababu alikua kayachukua kwa mali kauli.

Dereva wa siku ile hakua dereva wa gari. Dereva wa gari alikua msibani, akamwachia deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku, na deiwaka ana leseni daraja D ambayo ni ya gari binafsi, sio la abiria. Bosi anasema hakujua. Mi naamini hakujua, na hiyo ndo shida yenyewe.

Operesheni

Kuna abiria, nasikia ni mwalimu, hakugombana na konda kama wenzake. Aliandika malalamiko LATRA CCC, lile baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, akaweka tarehe, namba ya gari na ile jero. Siku ya operesheni maafisa wa LATRA na trafiki walikua wanajua wasimame wapi na saa ngapi. Magari yetu 7 yakakamatwa yanapakia soko la zamani, kosa kufanya kazi nje ya njia ya kwenye leseni, na mengine yakaongezewa la kuzidisha nauli.

Madereva wote wakaonyesha vikaratasi vya ushuru. Afisa akavitazama, akasema hivi ni vya halmashauri, mi nimeomba leseni.

Hapa kuna kitu cha kisheria ambacho wengi wetu hatukukijua mpaka siku ile. Kosa la namna hii linaweza kufifilishwa, yaani unakiri kwa maandishi, unalipa faini, yanaisha bila mahakama. Ukikataa kukiri unapelekwa mahakamani ukajitetee. Wamiliki wa magari 6 walisaini fomu ya kukiri na kulipa jioni ileile, gari lilale polisi la nini wakati kesho kuna hesabu. Mmoja tu, mama mmoja mjane, mwenye haisi moja, alikataa kusaini. Alisema hasaini karatasi ambayo hajaisoma na miwani kaacha nyumbani. Tulimcheka.

Mgomo wa siku mbili

Kesho yake tukagoma. Kikao cha dharura cha saa 11 alfajiri, watu wana hasira, mwenyekiti kaaibika, kila mtu anaongea, na uamuzi ukapita kwa kupiga makofi. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali moja inachukua ushuru wetu na serikali hiyohiyo inatupiga faini mahali palepale, na ukweli kama hoja ya kijiweni ilikua tamu sana.

Siku ya kwanza mji ulisikia. Siku ya pili tukasikia sisi. Kuna mjamzito alipelekwa hospitali kwa bodaboda, watu wa redio wakapata habari, huruma yote iliyokua kwetu ikahamia upande wa pili. Jioni ikaja barua ya LATRA kwa kila mmiliki: eleza kwa nini leseni yako isisitishwe kwa kuacha kutoa huduma bila taarifa. Leseni ya abiria ina masharti, na moja ni kwamba umeomba mwenyewe kuhudumia njia hiyo, huwezi kuifunga unavotaka kama duka la nguo. Tukarudi barabarani asubuhi ya siku ya tatu bila kupata chochote.

Kikao cha kusoma leseni

Mkuu wa wilaya akatuita wote, sisi, LATRA, halmashauri, trafiki. Mwenyekiti wetu akasimama akaongea vizuri kweli, akasema leseni zetu toka enzi zinasema stendi ya zamani, sisi ndo tuko sahihi, halmashauri ndo wametuhamisha kwa barua. Afisa wa LATRA, kijana tu, akamsubiri amalize, akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, shikamoo. Hebu tusomee hapo kwenye leseni yako, mstari wa njia."

Mzee akatoa leseni kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne, haijawahi kukunjuliwa toka ichapwe. Akavaa miwani. Akasoma kimoyomoyo kwanza, nikaona midomo inacheza, alafu akakaa kimya. Imeandikwa stendi mpya.

Ilikuaje? Halmashauri walishawaandikia LATRA mapema kwamba kituo kimebadilika. Maombi ya leseni siku hizi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa LATRA, na sisi wote tunaombewa na kijana mmoja wa steshenari, duka la kuchapa na kutoa kopi pale mjini, unampa kadi ya gari na bima, anakutolea kontroo namba, unalipa, anakuchapia. Muda wa kuhuisha ulipofika yule kijana akachagua njia iliyokuwepo kwenye mfumo, na iliyokuwepo inaanzia stendi mpya. Hakukosea kitu. Sisi tukabandika stika kwenye kioo tukaweka karatasi kwenye bahasha. Na nakala za leseni zote zilikua kwenye faili langu, mi katibu, niliziwekea mpaka namba za mfululizo, na sikusoma hata moja.

Sasa utamu uko hapa. Leseni za magari haziishi siku moja. Usiku ule nikakaa na lile faili na taa ya simu maana umeme ulikatika, nikasoma zote 23. Magari 14 yalikua yameshahuisha, yana stendi mpya. Magari 9 yalikua bado na leseni ya mwaka uliopita, hai kabisa, na zimeandikwa stendi ya zamani! Kati ya yale 7 yaliyokamatwa, mawili yalikua kwenye hiyo 9. Yaani hayo mawili hayakua nje ya njia, yalikua kwenye njia yake halali kwa mujibu wa karatasi ya LATRA yenyewe.

La kwanza mwenyewe alishasaini kukiri kosa na kulipa. La pili ni la yule mama tuliyemcheka.

Tuliamua nini na kwa nini

Tulikua na njia kama tatu mezani. Mjumbe mmoja ana mpwa wake wakili, akaja na hoja kwamba barua ya mkurugenzi sio sheria ndogo, sheria ndogo inapitishwa na baraza la madiwani, inaridhiwa na waziri, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo tuishtaki halmashauri. Hoja nzuri, mi niliipenda sana kwa siku mbili. Ila ukiitazama vizuri inapiga mtu asiyetupiga. Faini haikutoka kwenye barua ya mkurugenzi, ilitoka kwenye leseni ya LATRA. Hata tungeshinda ile barua ikafutwa, leseni 14 bado zinasema stendi mpya.

Njia ya pili ilikua kukata rufaa dhidi ya LATRA. Mlolongo ni kwamba unaanza kwa LATRA wenyewe, usiporidhika unakwenda Baraza la Ushindani, na baraza liko Dar. Kutoka huku kwetu mwisho wa reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, nauli, malazi, wakili, kwa faini ambazo watu wameshakiri kwa maandishi yao. Hii tuliiacha ndani ya dakika kumi, na bado naona ilikua sahihi.

Ya tatu ndo tuliyochukua: kuomba LATRA kubadilisha njia kwa maandishi, na ombi liwe na sababu za abiria, sio machozi ya bosi. Hapa bahati ilikua upande wetu, sababu msimamizi wetu wa zamu pale stendi ni mtu wa daftari. Alikua anaandika kila gari linatoka saa ngapi na abiria wangapi, na kuna safu aliyoianzisha mwenyewe ya wanaoshuka na mizigo. Tukachukua wiki nane, nne kabla ya kuhama na nne baada, tukaonyesha asubuhi na jioni watu wenye mizigo wanakwenda wapi. Akina mama wa soko wakaandika barua yao na sahihi zao, hatukuwaandikia sisi, na ilionekana maana ilikua na maneno makali kwetu pia. Tukaomba vitu viwili, magari kadhaa yaruhusiwe kupita stendi mpya alafu yamalizie sokoni kwa saa maalumu, na halmashauri ithibitishe kwa barua sehemu ya kushushia.

Kuhusu ile jero, kulikua na mabishano. Wengine walitaka tuombe iingizwe kwenye nauli mpya. Nikawapigia hesabu ubaoni. Nauli elekezi ya LATRA ya Desemba 2023 kwa mabasi ya mikoani daraja la kawaida ilikua shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, kabla ya hapo ilikua 41.29. Kilomita 6 hata ukitumia kiwango hicho ni kama shilingi 291. Sisi tulikua tunachukua 500. Ukumbi ukatulia. Tukakubaliana tusiandike habari ya jero popote, tuseme tutafuata nauli itakayopangwa.

Mwenye gari lililomgonga mama wa mawese alitaka kutumia uchochoro, amtangaze dereva wa kawaida kwamba ndo alikua anaendesha. Alikuja kwangu usiku nimsaidie kuandika maelezo. Nilikataa, na sio kwa utakatifu, soko zima lilimuona yule deiwaka.

Ilivyoishia

Ilichukua kama miezi minne. LATRA walikubali magari 12 yabadilishiwe njia, yapite stendi mpya na kumalizia sokoni asubuhi na jioni, mengine yanaanzia na kuishia stendi mpya. Halmashauri waliandika barua ya eneo la kushushia, na wakaliweka upande wa pili wa soko penye nafasi, sio palepale penye akina mama. Nauli ya kile kipande ikapangwa na ikatoka chini ya jero, kama mtu yeyote mwenye kalkuleta angejua.

Yule mama mjane alipeleka leseni yake, akawaonyesha tarehe na mstari wa njia, shauri lake likaondolewa bila kulipa hata mia. Mwenzake aliyesaini hakurudishiwa. Aliandika barua mbili, akajibiwa kwamba alikiri mwenyewe. Mpaka leo wakikutana stendi yule mama anamuuliza kama ameshanunua miwani.

Leseni hazikusitishwa, tulipewa onyo la maandishi kwa ule mgomo. Na lile onyo liko kwenye mafaili yetu, kila tukiomba kitu linatangulia mbele yetu kama mbwa wa mwenye nyumba.

Bima ilikua ngumu. Kampuni iliomba leseni ya gari, ikaomba leseni ya dereva, ikaona daraja D, mambo yakasimama. Bima ndogo imewekwa kisheria kwa ajili ya mtu wa tatu, sio kwa ajili ya kumfurahisha mwenye gari, kwa hiyo yule mama haki yake haikufa, ila kampuni ikilipa kwa kosa la namna hii ina njia ya kumgeukia mmiliki. Ndo kilichotokea. Mama alilipwa baada ya miezi nane, na huko katikati bosi alilipa hospitali kwa hela yake na bado baadae akaandikiwa barua ya kudaiwa, analipa kidogokidogo mpaka sasa. Mawese ya mali kauli tulichanga chama.

Nikiangalia nyuma

Kosa kubwa watu wanasema ni mzee kuamini maneno ya mdomo. Mi naona hapana, au sio lenyewe. Hata yule afisa angeandika, angepiga muhuri na kusaini, bado isingetusaidia kitu, kwa sababu alikua anaruhusu kitu kisicho chake. Halmashauri inaweza kukuruhusu kusimama kwenye eneo lake na inaweza kukutoza kwa kusimama. Haiwezi kurefusha njia iliyoandikwa na LATRA. Na upande wa pili ni hivohivo, LATRA wakikuandikia njia inayoishia sokoni na halmashauri haina sehemu ya kushusha pale, utakamatwa na mgambo. Unahitaji karatasi mbili kutoka ofisi mbili, na zisome kitu kimoja. Sisi tulikua na nusu karatasi kutoka ofisi moja.

Na ile risiti ilitudanganya kuliko maneno ya afisa. Mtu akikuchukulia hela kila siku na kukupa risiti yenye nembo, moyo unakwambia umehalalishwa. Nimeona hata wafanyabiashara wa vibanda wanafikiri hivo, nimelipa ushuru basi kibanda ni halali.

Halmashauri nao wana lao. Waliwaambia LATRA kuhusu stendi mpya, safi, ila hawakukaa na sisi wala abiria kabla, na kijana wa mashine aliendelea kukusanya mahali ambapo barua ya mkurugenzi wao ilishapafunga. Kwenye kikao waliulizwa hili, wakasema watalifuatilia. Michomoko ndo hivo, ilifukuzwa wiki mbili, ikarudi.

Mgomo sitautetea. Kama tungetumia zile siku mbili kusoma leseni 23, tungeingia kwa mkuu wa wilaya tukiwa na magari 9 yenye hoja halali na tusingekua na onyo. Ila najua kwa nini watu waligoma, na kama ingekua leo na hasira zilezile sina uhakika kama ningeweza kuwazuia.

Kilichotubeba ni daftari la msimamizi wa zamu. Daftari la mstari la buku, limelowa mawese pembeni, kurasa zingine zina namba za simu za watu. Afisa wa LATRA alilishika muda mrefu kuliko ile barua yetu iliyochapwa, akawa anafungua ukurasa wowote anauliza swali na msimamizi anajibu bila kusita. Deiwaka bado wapo. Tulipitisha kwamba hakuna kumwachia mtu gari bila katibu kuona leseni yake, inafuatwa mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi hesabu ikibana inalegea.

Siku hizi kuhuisha leseni kunafanyika mbele ya kijana wa steshenari na mmiliki mwenyewe, mmiliki anasoma mstari wa njia kwa sauti ndipo nasaini kwenye daftari la chama. Mzee mwenyekiti alistaafu uongozi mwaka huohuo ila gari anayo, na yeye ndo anasoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Ile jero ya wiki zote zile hatujamrudishia mtu.